Kutoka Lorugum Kwenda Kufundisha Kiswahili Marekani

Wako watu ambao wakisikia kwamba kijana wa Lorugum alikwenda Marekani kufundisha Kiswahili hucheka kwanza, ndipo huuliza. Swali lao, msomaji, bila shaka unalijua: je, huko Turkana nako kuna Kiswahili? Mtu wa Lamu akienda, sawa. Wa Unguja, sawa zaidi. Lakini Mturkana? Nimeulizwa hayo Kitale, nikaulizwa Nairobi, na hata mwenzangu mmoja wa safari, mwalimu wa kutoka pwani na mtu mwenye adabu zake, aliniuliza kwa upole tulipokuwa tukingoja ndege. Sikukasirika. Lakini baada ya kukaa huko mwaka mzima wa masomo nimeona kwamba swali hilo lafaa kujibiwa gazetini, maana halinihusu mimi peke yangu.

Kwa wale wasiopajua, Lorugum ni mji mdogo ulio magharibi ya Lodwar, ukielekea milima ya Loima. Ni nchi ya joto, mchanga, mbuzi na mikoma. Zamani za ukoloni wilaya nzima ya Turkana ilikuwa imefungwa. Mgeni hakuingia pasi na kibali, na ndiyo maana Waingereza walipaona pafaa kumweka Jomo Kenyatta, kwanza Lokitaung tangu 1953, kisha Lodwar mwaka 1959. Mpaka leo wako wazee wetu ambao wakimwona mtu amepanda basi la Kitale husema, “Anakwenda Kenya.” Wala hawatanii. Na katika Kiturkana mtu asiye wa kwetu huitwa emoit, neno ambalo maana yake ni mgeni, na pia ni adui. Ukitaka mgeni mwema, huna budi kuongeza maneno mengine.

Kwa hiyo ughaibuni wangu wa kwanza haukuwa Marekani. Ulikuwa Kiswahili. Niliingia darasa la kwanza mwaka 2003, mwaka ule serikali ilipofuta karo katika shule za msingi, nikakuta lugha ya mwalimu, ya askari, ya muuguzi na ya mwenye duka. Haikuwa ya mama yangu. Niliisoma kama mtu anavyoingia nyumba ya watu usiku, akipapasa ukuta. Kumbe mambo mengine niliyajua tayari. Kiturkana nacho hupanga majina kwa viambishi vya mwanzo: mwanamume ni ekile, mwanamke ni aberu, mtoto ni ikoku. Maji kwetu ni ngakipi, jina lenye umbo la wingi, kama vile Mswahili naye asivyosema maji hili bali maji haya. Mengine yalikuwa kinyume. Kwetu kitenzi hutangulia na mtenda hufuata nyuma, hata nikawa kila nikitunga sentensi ya Kiswahili nahisi nimetanguliza mkia.

Mpango ulionipeleka ni ule wa wasaidizi wa walimu wa lugha za kigeni, ulio chini ya jina la Fulbright, seneta aliyepitisha mswada wake mwaka 1946. Humchukua mwalimu kijana kwa mwaka mmoja wa masomo, asaidie kufundisha lugha ya nchi yake na mwenyewe asome masomo machache, kisha arudi kwao. Kurudi si hiari: viza hubeba sharti la miaka 2 nyumbani kabla ya mtu kuruhusiwa kuomba ukaazi wa kudumu. Mimi niliondoka Agosti 2022, mwezi mmoja baada ya Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, kuadhimishwa kwa mara ya kwanza tarehe 7 Julai. Nilijiona ninabeba bendera.

Huenda msomaji atauliza Wamarekani wanakitakia nini Kiswahili. Jibu la kwanza ni siasa. Warusi waliporusha Sputnik angani mwaka 1957, Marekani ilishtuka, na mwaka uliofuata ikatunga sheria ya kutoa fedha za kufundishia, miongoni mwa mambo mengine, lugha ambazo vyuo vyake vilikuwa vimezipuuza. Jibu la pili ni la watu wenyewe. Mwaka 1966 Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa, na misingi yake saba ikapewa majina ya Kiswahili, tangu umoja hadi imani. Mama mmoja mzee, Mmarekani mweusi, alikuwa akija kila Alhamisi kwenye meza yetu ya mazungumzo kwa sababu hiyo tu; maneno hayo saba aliyatamka vizuri kuliko mwanafunzi yeyote. Jibu la tatu ni filamu ya katuni ya mwaka 1994 iliyoeneza “hakuna matata” dunia nzima. Juu ya hilo sina la kusema, ila kwamba sijapata kumsikia mtu wa Lodwar akilitumia.

Chuo chenyewe sitakitaja. Kilikuwa katika mji mdogo wa majimbo ya katikati, mahali ambapo Januari nyuzi 20 chini ya sufuri si habari ya kusimuliana. Lodwar mchana nyuzi 35 ni za kawaida. Msomaji apige hesabu mwenyewe. Nilikaa nyumba moja na kijana wa Morocco aliyefundisha Kiarabu na kijana wa Uturuki aliyefundisha Kituruki. Nikisema natoka Turkana, wenyeji walidhani mimi na yule wa pili ni ndugu, na mara mbili niliulizwa kwa nini hatufanani. Tulizoea kujibu kwamba mama zetu ni tofauti.

Wiki za kwanza zilikwisha katika makaratasi: namba ya serikali, akaunti ya benki, bima ya matibabu, funguo. Unga niliukuta wa manjano, unaotoa ugali kama makombo ya keki, hata nilipoelekezwa duka la Mnigeria lililo mbali kwa basi. Lakini hayo ni ya tumbo, nayo huzoeleka. Lililonichukua muda zaidi ni salamu. Kwetu salamu ni kazi: husimama, huuliza watu, huuliza mifugo, huuliza mvua ilikonyesha. Kule mtu hukuuliza hali yako huku akipita, na ukigeuka kumjibu unamwona mgongo. Nilichukua kama mwezi hivi kuacha kugeuka.

Darasani kitabu tulichopewa kilianza na bahari. Picha ya kwanza ilikuwa jahazi, ya pili mnazi, na salamu ya kwanza shikamoo, ambayo mtoto wa Lorugum huisikia redioni tu. Bahari yenyewe mimi niliiona nikiwa chuo kikuu. Sikukiondoa kitabu, kwani ni kizuri na bahari ndiyo kwao na Kiswahili; lakini juu ya meza niliweka ekicholong, kile kigoda ambacho mzee wa Kiturkana hukikalia mchana na kukilalia kichwa usiku, nikawaambia wanafunzi wakieleze kwa Kiswahili. Tulimaliza saa nzima. Nilipata kazi nyepesi katika sarufi pia, maana kila mahali walipojikwaa mimi nilikuwa na kovu la hapo hapo. Aliyezaliwa na lugha huwaambia wanafunzi, “Ndivyo tunavyosema.” Mimi nilikumbuka siku niliyouliza kwa nini.

Wiki ya pili alikuja ofisini msichana mmoja. “Mwalimu, habari yako? Niko natafuta darasa.” Kiswahili chake kilitiririka, nikamuuliza kwao wapi. Akasema, “Kakuma.”

Hapa yafaa nieleze kidogo. Kambi ya Kakuma, safari ya saa chache kutoka Lodwar, ilianzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan. Kati ya 2000 na 2001 maelfu kadhaa ya vijana hao walipelekwa Marekani. Mwaka 2002 Wasomali wa asili ya Kibantu wapatao 12,000 walihamishiwa hapo kutoka Dadaab wakingoja safari kama hiyo, kisha wakafuata Wakongo kwa wingi. Pamoja na makazi ya Kalobeyei, hapo sasa wanaishi watu zaidi ya laki mbili, na sokoni Mkongo, Msudani Kusini, Msomali na Mturkana huelewana kwa Kiswahili. Hakuna mnazi hata mmoja, lakini Kiswahili kipo, tena kinafanya kazi mchana kutwa.

Msichana huyu alizaliwa kambini kwa wazazi wa Kivu ya Kusini, akaondoka akiwa na miaka 12. Chuo kilimtaka kila mwanafunzi asome lugha ya kigeni, naye akataka Kiswahili. Ofisi ikamjibu kwamba darasa la kwanza haliwezekani, kwa kuwa anakizungumza. Basi apande la pili? Hapo kuna mtihani wa kuandika, nao ulimshinda, kwa sababu aliandika batoto, bintu na aksanti. Yaani anajua mno asiweze kuanza, tena hajui vya kutosha asiweze kuendelea. Ushauri aliopewa ni kwamba akachukue Kihispania.

Nilikuwa msaidizi tu, na msaidizi hana kura. Hata hivyo niliandika barua ya kurasa 2 kwa mkuu wa somo. Nilieleza kwamba batoto si uzembe. Lugha nyingi za Kibantu, tangu Kiganda hata Kilingala na Kizulu, zina ba au aba mahali ambapo Kiswahili kina wa. Tena nilikumbusha kwamba hicho tunachokiita Kiswahili sanifu kilichaguliwa: katika mkutano wa Mombasa wa 1928 Kiunguja kilishinda Kimvita, na mwaka 1930 kamati ya lugha ikaundwa ili kukisimamia. Mtu wa Mombasa mwenyewe, akiandika gazetini, anaandika lugha ya jirani. Kama yeye aliruhusiwa kujifunza, kwa nini si mtoto wa Kakuma?

Mkuu wa somo hakuwa mtu mbaya. Alikubali msichana arudie mtihani mwisho wa muhula, baada ya kusoma nami jioni mbili kwa wiki. Wala haikuwa haki kamili, kwa sababu muhula huo mzima haukuhesabiwa kwake, ingawa Alhamisi ndiye aliyekuwa akiiendesha meza ya mazungumzo kuliko mimi.

Mwezi wa kumi alinialika kwao. Mama yake alifungua mlango, akanitazama toka juu hadi chini, akasema, “Ejok!” Nami sikuwa nimesikia salamu hiyo kwa miezi. Alikuwa ameijifunza Kakuma, kwa mwanamke wa Kiturkana aliyemletea kuni kila juma na kulipwa unga wa posho. Alijua na ngakipi, na hesabu hadi kumi, na matusi mawili ambayo sitayaandika. Tulikula bugali na sombe. Alikumbuka vizuri pia kwamba wenyeji na wakimbizi hawakupendana siku zote. Sisi tuliwaonea wao posho, wao wakaziogopa bunduki zetu. Hatukubishana juu ya hilo.

Wakati wa kuaga akanishika mkono. “Mwalimu, umufundishe. Lakini asisahau ya kwetu.”

Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Mama yangu Lorugum hajui Kiswahili, isipokuwa cha kununulia sukari. Kila likizo nilirudi nyumbani na maneno mengi zaidi ambayo yeye hakuyahitaji, na kidogo kidogo pakawa na mambo ya maisha yangu ambayo sikuwa na Kiturkana cha kumwelezea. Neno “muhula” kwa Kiturkana silijui mpaka sasa. Kwa hiyo jioni zetu za maktaba tuligawa ukurasa katikati: upande mmoja msichana aliandika kama mama yake asemavyo, upande wa pili kama mtihani utakavyo, na hakuna upande uliotiwa wino mwekundu. Desemba alifanya mtihani akapita, na Januari akaingia darasa la pili.

Nilirudi Mei 2023, na sasa nafundisha Loima, si mbali na nilipozaliwa. Kabla ya kuondoka nilimwandikia msaidizi atakayenifuata, ambaye niliambiwa atatoka Tanzania, kurasa 6 za mambo ya kumfaa: duka la unga mweupe liko wapi na basi lipi linakwenda huko; koti anunue la mitumba mwezi wa tisa, mapema; wa Uturuki anakoroma. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na majina ya vijana 3 wengine waliokulia Kakuma, waliokuwa wameulizia darasa la Kiswahili kwa mwaka uliofuata. Pembeni niliandika kwamba wasikilizwe kwanza kabla ya kupelekwa Kihispania, na ile barua yangu ya kurasa 2 nikaibana hapo kwa pini.