Matatizo baada ya upasuaji wa utumbo mpana

Matatizo baada ya upasuaji wa utumbo mpana ni madhara yanayoweza kumpata mgonjwa aliyekatwa au kushonwa sehemu hiyo ya utumbo. Utumbo mpana una urefu wa mita 1.5 hivi na umejaa bakteria, ambao wakimwagika tumboni huhatarisha uhai.

Katika Afrika Mashariki upasuaji huo hufanywa kwa sababu ya utumbo kujisokota, saratani au majeraha ya ajali. Wagonjwa wengi hufika kwa dharura, tumbo likiwa limevimba na mwili umeishiwa maji, na hao hupata matatizo kuliko waliopangiwa siku.

== Kuvuja kwa mshono ==
Tatizo linaloogopwa zaidi ni mshono wa ndani kuachia. Mara nyingi hutokea ndani ya wiki ya kwanza au muda mfupi baadaye, pengine mgonjwa akiwa ameshaanza kula. Mapigo ya moyo kwenda mbio huweza kuwa dalili ya kwanza, kabla ya homa na maumivu makali. Muuguzi anayepima mapigo usiku ndiye huligundua mapema.

Mgonjwa husimamishwa chakula, hupewa dripu na antibiotiki kama seftriaksoni na metronidazoli. Usaha ukiwa umeenea, hurudishwa chumba cha upasuaji; tumbo husafishwa na utumbo hutolewa nje kupitia ngozi (kolostomi), kinyesi kikiingia kwenye mfuko.

Matatizo mengine ni kidonda kuoza, kutokwa damu, damu kuganda miguuni, na utumbo kulala, ambao kwa kawaida huamka wenyewe.

== Handeni na Korogwe ==
Katika wilaya hizi za Mkoa wa Tanga, mgonjwa huanzia zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya. Mjini Korogwe ipo Hospitali ya Magunga. Rufaa ya mkoa ni Bombo, jijini Tanga, zaidi ya km 80 kutoka Korogwe. Kutoka Handeni kwenda Korogwe ni km 65 hivi. Juu yake kuna KCMC ya Moshi na Muhimbili.

Umbali huo una uzito katika uamuzi wa daktari. Pasipo chumba cha wagonjwa mahututi, kutoa kolostomi tangu mwanzo ni salama kuliko kuunganisha utumbo uliooza na kutumaini utashika. Njia hiyo ilielezwa na Mfaransa Henri Hartmann mwaka 1921. Mgonjwa anayepewa rufaa huwekewa kwanza dripu, antibiotiki na mpira wa puani, ndipo asafirishwe.

== Kinga ==
Antibiotiki hutolewa ndani ya saa moja kabla ya kukata. Orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, moja ikiwa Ifakara, Tanzania. Matokeo ya mwaka 2009 yalionyesha vifo vimeshuka kutoka 1.5% hadi 0.8%.

Kolostomi ya muda hufungwa baada ya miezi kadhaa, kwa upasuaji wa pili wenye mshono unaoweza kuvuja vilevile.