Je, Wajua? Bendera ya Kaisari wa Ujerumani

Je, wajua kwamba Ujerumani ya Kaisari, iliyoundwa mwaka 1871, ilikaa miaka zaidi ya 20 bila bendera rasmi ya taifa? Katiba yake iliitaja nyeusi-nyeupe-nyekundu kuwa bendera ya meli za kivita na za biashara tu. Amri ya kuifanya ya taifa ilitoka mwaka 1892.

Rangi zenyewe zilipatikana kwa mchango. Nyeusi na nyeupe zilikuwa za Prussia. Nyeupe na nyekundu zilitoka miji ya bandari kama Hamburg na Bremen.

Je, wajua kwamba mzozo wa bendera ulikuwa miongoni mwa cheche za vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani? Agosti 1888, kampuni ya Kijerumani iliyokodi pwani kutoka kwa Sultani wa Zanzibar iling'ang'ania kutweka bendera yake Pangani. Hiyo haikuwa hata bendera ya Kaisari, ilikuwa ya wafanyabiashara! Mwakilishi wao pale, Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo, alitumia ubabe na pwani ikawaka. Aliokoka, lakini Agosti 1891 akauawa Lugalo, Iringa, alipokwenda kupigana na Wahehe wa Chifu Mkwawa.

Tanganyika, wakati huo sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, nusura ipate bendera yenye kichwa cha simba. Mwaka 1914 Waziri wa Makoloni, Wilhelm Solf, alichorewa nembo za makoloni: simba kwa Afrika Mashariki, tembo kwa Kamerun. Vita Kuu ikazuka, michoro ikabaki kabatini.

Kaisari aliondoka madarakani tarehe 9 Novemba 1918. Jeshi lake la Afrika Mashariki, chini ya Lettow-Vorbeck, lilisalimisha silaha tarehe 25, huko Abercorn, leo Mbala nchini Zambia. Kwa wiki mbili lilimtumikia mfalme asiyekuwepo.

Je, wajua kwamba bendera iliwahi kumng'oa Chansela? Jamhuri iliyochukua nafasi ya Kaisari ilichagua nyeusi-nyekundu-dhahabu mwaka 1919, lakini wapenzi wa Kaisari hawakukubali. Mei 1926 Chansela Hans Luther aliruhusu baadhi ya balozi kupeperusha pia bendera ya meli za biashara, iliyobeba rangi za zamani. Bunge likamjia juu. Haikupita wiki mbili, akajiuzulu. Bendera ya meli, jamani!

Hitler aliirudisha bendera ya Kaisari mwaka 1933, kisha mwaka 1935 akaiweka kando na kubaki na ya swastika peke yake. Baada ya kushindwa mwaka 1945, meli za Ujerumani zilipeperusha bendera ya ishara za baharini ya herufi C, iliyokatwa pembetatu ukingoni.

Leo swastika imepigwa marufuku Ujerumani, hivyo wenye siasa kali za kulia hujificha nyuma ya bendera za Kaisari. Mwaka 2020 jimbo la Bremen, ambalo rangi zake zimo ndani ya bendera hizo, lilizuia kuzipeperusha hadharani.