Akaunti Iliyofunguliwa kwa Mkono wa Mwingine

Kila mwaka, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inapofungua dirisha la maombi, steshenari za mjini Tukuyu hujaa vijana. Wapo wanaotoka jirani, Msasani, na wapo wanaoshuka kutoka vijiji vya mbali, bahasha zimefichwa ndani ya makoti kwa kuihofia mvua ya Rungwe. Ndani ya bahasha hizo mna maisha ya familia nzima: cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, namba ya mtihani wa kidato cha nne, picha na nakala ya kitambulisho cha mdhamini, namba ya akaunti ya benki na, kwa aliyefiwa na mzazi, cheti cha kifo.

Mhudumu huuliza, “Una barua pepe?” Kijana hujibu kwamba hana. “Basi nitakufungulia.” Dakika tano haziishi, akaunti imepatikana. Jina ni la kijana, lakini neno la siri amelitunga mhudumu, na mara nyingi ni lile lile analowapa wateja wake wote ili asilisahau. Na kama simu ya kijana imezima, au imebaki nyumbani kwa mama, namba ya simu inayoandikwa ni ya mhudumu pia.

Hatuandiki haya ili kuwashutumu wenye steshenari. Pasipo wao, wengi wasio na kompyuta wala simu ya kisasa wangekosa mkopo, ajira na huduma nyingine ambazo siku hizi huombwa kwa njia ya mtandao tu. Tunachotaka kieleweke ni kwamba akaunti ina mwenyewe wa jina na mwenyewe wa kweli. Mwenyewe wa kweli ni yule anayelijua neno la siri, na zaidi yake, yule ambaye simu yake hupokea namba ya uthibitisho.

Hili la simu ndilo wengi hawalitilii maanani. Anayesahau neno la siri hubonyeza sehemu ya kulibadilisha, na mtandao humtumia tarakimu chache katika namba iliyoandikwa siku ya kujisajili. Mwenye namba hiyo aweza kuifungua akaunti hata kama hakuwahi kulijua neno la siri. Kinyume chake, mwenye akaunti asiye na namba hiyo hubaki mlangoni. Tuchukulie kwamba mwombaji ametakiwa kurekebisha fomu yake, au ameitwa kwenye usaili kupitia akaunti yake ya Ajira Portal. Anajaribu kuingia, anashindwa. Anarudi steshenari, anaambiwa yule mhudumu amehamia Mbeya na laini ameshabadilisha. Siku za marekebisho hazimsubiri.

Kwa hiyo shauri letu la kwanza ni kufungua barua pepe mapema, kabla ya msimu wa maombi, kwa utulivu na kwa namba yako mwenyewe. Kama simu yako ni ya kitochi, omba simu ya ndugu unayemwamini, lakini namba itakayoandikwa iwe yako. Tarakimu za uthibitisho huja kwa ujumbe mfupi, na kitochi huupokea vizuri tu. Ukilazimika kufungulia steshenari, mwombe mhudumu akupishe kwenye kibodi unapofika mahali pa neno la siri. Si utovu wa adabu. Hata wakala wa fedha hugeuza uso mteja anapoandika namba yake ya siri.

Kivinjari cha kompyuta kikiuliza kama kihifadhi neno la siri, kikatalie. Ukimaliza, toka kwenye akaunti. Kufunga dirisha peke yake hakutoshi, kwa kuwa mteja anayefuata akilifungua tena aweza kukukuta humo. Kisha uliza nyaraka zako zilizoskaniwa zimehifadhiwa wapi, na uombe zifutwe mbele yako, pamoja na zile zilizokwenda katika pipa la taka la kompyuta. Wengi wetu tuna mazoea ya kutuma picha ya kitambulisho kwa WhatsApp ya steshenari ili ichapwe. Karatasi moja huchapwa, lakini picha hubaki katika simu ya mtu mwingine kwa miaka. Kama unayo karatasi halisi, ni afadhali kuitoa kopi hapo hapo.

Aliyekwisha kufunguliwa akaunti kwa namna hii bado ana nafasi ya kuirudisha mikononi mwake, maadamu anaweza kuingia. Abadilishe neno la siri leo, kisha aingie sehemu ya usalama wa akaunti, aondoe namba na barua pepe asizozitambua, aweke zake, na aviondoe vifaa vyote vilivyoachwa wazi. Hapo hapo awashe uthibitisho wa hatua mbili. Kuhusu neno la siri lenyewe hatuna mengi ya kuongeza: liwe refu, lisiwe jina la mtoto wala la mji, na lisitumike katika akaunti mbili.

Jambo jingine ni namba ya Kitambulisho cha Taifa, ambayo watu huitaja kwa sauti kaunta bila kuwaza. Namba hiyo ina tarakimu ishirini, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi na siku. Anayeipata amepata pia umri wako. Na yule aliyeufanya mwaka wake wa kuzaliwa kuwa namba ya siri ya kutolea fedha katika simu, basi namba hiyo ya siri imeandikwa waziwazi mwanzoni mwa kitambulisho chake. Tunamsihi aibadilishe kabla hajaendelea kusoma.

Haina maana kwamba kila anayeiomba namba hiyo ana nia mbaya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka mkusanyaji wa taarifa akueleze anazikusanya kwa lengo gani, na asikusanye kupita kiasi kinachohitajika kwa lengo hilo. Taasisi inayotoa mkopo wa masomo ina sababu ya kukutambua kwa uhakika. Mchezo wa simu au tovuti ya kuuza viatu haina sababu ya kutaka kitambulisho chako. Uliza, na usipojibiwa, acha nafasi hiyo wazi au achana na usajili wenyewe. Taarifa za afya, za watoto, za alama za vidole na za miamala ya fedha zimewekwa na Sheria katika kundi la taarifa nyeti, nazo zina ulinzi mkali zaidi.

Programu za mikopo ya haraka zinahitaji tahadhari ya pekee. Nyingi huomba ruhusa ya kusoma orodha yote ya majina katika simu yako, na mkopaji mwenye shida huruhusu bila kutafakari. Akichelewa kulipa, ujumbe wa kumdhalilisha huenda kwa mwalimu, kwa mchungaji, kwa mkwe. Watu hao hawakukopa wala hawakuulizwa kama namba zao zitolewe. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kabla ya kujisajili hakikisha mkopeshaji ana leseni, na programu yoyote inayodai orodha ya majina yako ili ikupe fedha, inyime.

Tusisahau laini. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba yake yaweza kupewa mtu mwingine. Tarakimu za uthibitisho za akaunti zako zitamfuata yeye. Unapobadilisha namba, ibadilishe kwanza katika akaunti zako zote, ndipo uiache ya zamani. Ili kujua kama kuna laini usizozijua zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, piga *106# na ufuate maelekezo. Ukizikuta, nenda duka la mtandao husika ukiwa na kitambulisho, uombe zifungwe. Ujumbe wa kitapeli, pamoja na namba iliyoutuma, upeleke 15040.

Ikiwa taarifa zako zimetumika kinyume cha ulivyokubali, mwandikie kwanza aliyezikusanya umtake azirekebishe au azifute, na ubaki na nakala ya barua hiyo. Asipotekeleza, peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa rasmi Aprili 2024. Eleza tarehe, jina la huduma na taarifa ulizotoa, na uambatishe picha za ujumbe ulioupokea kabla hujazifuta katika simu.