Mpira Uliochomoka Shimoni

Ndugu wafanyakazi, siku ya mshahara huwaona wengi wetu wakipitia kwa muuza tiketi za bahati nasibu kabla ya kufika dukani kununua unga. Siwacheki, hata mimi nimezinunua. Lakini sikilizeni habari ya California, Marekani.

Wapiga kura wa jimbo hilo walikubali bahati nasibu ya serikali mwaka 1984, na tiketi zikaanza kuuzwa Oktoba 1985. Kwa sheria ya wakati ule, katika kila dola 1 senti 50 zilikuwa za zawadi, 34 za shule na 16 za uendeshaji. Basi wachezaji wote kwa jumla walirudishiwa nusu ya fedha zao, na hiyo nusu yenyewe ikaenda kwa wachache.

Kwenye televisheni kulikuwa na kipindi chake, The Big Spin, kilichodumu hadi 2009. Hakikuwa na mambo mengi: mtangazaji, gurudumu kubwa lenye vishimo, na mpira mdogo. Mchezaji alizungusha gurudumu, na kiasi kilichoandikwa penye kishimo ambamo mpira umetua kikawa chake.

Mwishoni mwa 1985 mama mmoja alizungusha. Mpira ukatua penye dola milioni 3. Mtangazaji akatangaza kwamba ameshinda. Mara mpira ukachomoka, ukaangukia penye dola 10,000. Mama akaambiwa hizo ndizo zake, kwa kuwa kanuni ilitaka mpira utulie sekunde 5.

Mama hakunyamaza, alikwenda mahakamani. Upande wake ukaleta mikanda ya kipindi kile kile, ikaonekana wachezaji wengine walilipwa ingawa mpira wao haukutimiza hizo sekunde 5. Mwaka 1989 raia waliokaa kuamua kesi wakampa milioni 3 zake, na fidia juu.

Nimekaa katika vikao vingi na matajiri, na kanuni ya namna hii naijua: hulala kabatini mwaka mzima, ikaamshwa siku ya kulipa. Bila mikanda ile, mama angepata wapi ushahidi?

Juzi alinijia mchuma chai aliyepunjwa kilo zake. Nikamwomba vikaratasi vya mizani vya mwezi ule. Alikuwa amevisokotea tumbaku.