Kamanda akipiga hodi

Sisi wa hosteli tumezoea kukaguliwa vyumba. Je, askari? Jeshini Marekani, kamanda anaweza kukagua vyumba vya kambini kuangalia usafi na utayari. Ila Kanuni ya 313 ya Ushahidi wa Kijeshi inasema, lengo kuu likiwa kutafuta ushahidi wa kumshtaki mtu, huo si ukaguzi tena. Ni upekuzi, na kwa kawaida unahitaji sababu za msingi za kumshuku. Aliyepanga nyumba uraiani analindwa zaidi: kwa kawaida kamanda hawezi kuidhinisha upekuzi humo, kinatakiwa kibali cha mahakama au ridhaa yake mwenyewe. Na ridhaa si kunyamaza kwa kuogopa cheo. Askari anaruhusiwa kusema, “Hapana, mkuu.” Kazi ipo kwenye kulitamka.