Chunusi huanza kabla hujaiona

Chunusi unayoiona kwenye kioo asubuhi haikuzaliwa usiku uliopita. Ilianza wiki kadhaa nyuma, ndani ya kitundu cha unyweleo, pale mafuta ya ngozi na seli zilizokufa vilipogandana na kuziba mlango. Wakati huo usoni hapakuwa na dalili yoyote. Ndiyo maana anayehangaika na kipele kilichokwisha kuchomoza huwa amechelewa, na vingine vinaendelea kujitengeneza pembeni yake.

Chanzo chenyewe kinajulikana vizuri. Homoni za androjeni, zinazoongezeka wakati wa balehe kwa wasichana na wavulana, huchochea tezi za mafuta zilizo ndani ya ngozi. Seli za ndani ya kitundu nazo hushikamana badala ya kupukutika. Kitundu kikiziba, bakteria aitwaye Cutibacterium acnes, ambaye huishi kwenye ngozi zetu sote, hupata makazi mazuri na kuzaliana. Mwili ukipambana naye, panavimba, panauma na kutunga usaha. Uchafu haumo kwenye mlolongo huo, wala ashiki haimo, ingawa kijana mwenye chunusi huambiwa kila siku kwamba haogi vizuri au anataka kuoa. Maneno hayo yanaumiza, tena yanamsukuma kujisugua kwa nguvu, na kusugua ndiko kunakoharibu zaidi.

Uso unatosha kuoshwa mara mbili kwa siku, na mara nyingine baada ya jasho jingi la mpira au kazi. Tumia vidole, maji ya kawaida na sabuni laini isiyo na manukato makali. Sabuni ya kufulia na dodoki viachie nguo na miguu. Ndimu, dawa ya meno na magadi huunguza tabaka la juu la ngozi. Kipele huweza kunywea kwa siku moja, kisha pakabaki jeraha na baada yake doa. Baada ya kuosha, hata ngozi yenye mafuta inahitaji losheni nyepesi, maana ngozi iliyokaushwa kupita kiasi huwasha na kushindwa kuvumilia dawa za chunusi.

Sehemu inayosahaulika ni nywele. Mwaka 1970 madaktari wa ngozi Gerd Plewig, James Fulton na Albert Kligman walieleza aina ya chunusi waliyoiona kwa wanaume Weusi wa Marekani: vipele vidogo vilivyojipanga kwenye paji la uso na pembeni mwa macho, kandokando ya mstari wa nywele. Kilichowaleta kilikuwa mafuta mazito ya kichwani. Tazama mapaji ya watu saluni au kwenye daladala, utaikuta hali ileile. Tunapaka mafuta ya nazi au siagi ya kakao, jua linayayeyusha, yanashukia usoni, na usiku yanahamia kwenye foronya. Dawa yake haigharimu kitu: anza kupaka nyuma kidogo ya mstari wa nywele, funga nywele unapolala, osha paji la uso baada ya kusuka, na fua foronya kila wiki. Kamba ya kofia ngumu ya bodaboda na barakoa iliyolowa jasho nazo huleta vipele pale zinapobana na kusugua, kwa hiyo zisafishwe na kukaushwa mara kwa mara.

Kwa ngozi nyeusi, chunusi haiishi inapopona. Panapovimba, ngozi hutengeneza rangi nyingi kuliko kawaida na kuacha doa jeusi linaloweza kudumu miezi mingi. Watu wengi huenda hospitali zaidi kwa sababu ya madoa hayo kuliko vipele vyenyewe, na wengine wengi zaidi hawaendi hospitali kabisa. Wanaenda kununua mkorogo.

Hapo ndipo ninapoomba msomaji asimame. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi zina steroidi kali kama klobetasoli au betamethasoni, mara nyingine bila kuandikwa kwenye kopo. Steroidi huzima uvimbe haraka, kwa hiyo wiki za kwanza uso hupendeza kweli, na jirani anauliza unatumia nini. Kisha ngozi hukonda, mishipa midogo huanza kuonekana, na vipele vipya vinavyofanana humwagika usoni na kifuani. Ukiacha, vinafumuka vyote kwa pamoja. Ukirudia, vinatulia kwa muda. Hivyo mtu aliyeanza na chunusi tatu hujikuta mtumwa wa kopo. Krimu nyingine huwa na zebaki, ambayo hupenya ngozi na kuharibu figo. Mwaka 2023 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilikubaliana kwamba ifikapo 2025 vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki viwe vimeondolewa, lakini vingi vingali vinapita madukani kwa njia za panya. Doa hufifia kwa njia ya polepole: kutotumbua vipele, na kupaka losheni ya kukinga jua yenye kiwango cha 30 au zaidi, kwa kuwa jua hulikoleza.

Kuhusu chakula, ushahidi unaelekeza kidole kwa sukari na wanga uliokobolewa, na kwa kiasi fulani maziwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 uliwachunguza watu 1,200 wa kisiwa cha Kitava, Papua New Guinea, wanaokula viazi, matunda, samaki na nazi, na haukukuta chunusi hata moja. Huenda nasaba nayo ina sehemu yake. Kupunguza soda ni jambo la busara kwa hali yoyote, ila msimnyime mtoto karanga kwa sababu ya uso.

Vipele vikiendelea licha ya hayo, duka la dawa lina benzoili peroksaidi. Ya asilimia 2.5 hufanya kazi karibu sawa na ya 10 na haichomi sana, ingawa hupausha taulo na nguo. Adapalini hupakwa usiku, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, kwa sababu kazi yake ni kuzuia vile ambavyo bado havijatokea. Mjamzito asiitumie. Zote mbili huhitaji wiki 8 hadi 12, na katika wiki za mwanzo ngozi inaweza kukauka au kuonekana mbaya zaidi. Wengi huacha hapo.

Uvimbe mkubwa unaouma chini ya ngozi, makovu, au chunusi za mwanamke ambaye hedhi yake imevurugika na ndevu zinamwota, ni vya daktari. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha wataalamu kutoka nchi nyingi za Afrika tangu miaka ya 1990, kwa hiyo hata katika hospitali ya mkoa waweza kumkuta mtu aliyesomea kazi hii. Unapokwenda kumwona, beba kila kopo unalopaka, hasa lile lisilo na lebo.