Kompyuta Haikisii

Katoro ni mji wa biashara katika Mkoa wa Geita, na pande zake wako wachimbaji wadogo wa dhahabu. Mashine ya kusaga mawe, iitwayo karasha, ikisimama, fundi mwerevu hafungui vyuma vyote kwa pupa. Kwanza hutazama kama mafuta yamo, kisha mkanda, kisha injini. Kompyuta nayo yataka fundi wa namna hiyo.

Linux ni programu iongozayo kompyuta. Ilianzwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki, nchi ya Ufini. Mtu aweza kuiamuru kwa kuandika maneno machache tu. Lakini kompyuta haikisii: hufanya lililoandikwa, wala si lililokusudiwa.

Mathalani, karani wa shimo moja ameandika katika faili hesabu ya mifuko ya mawe ya kila mchimbaji, akaiita Mgao.txt. Siku ya kugawana, watu wamekusanyika nje. Karani anaandika: cat mgao.txt, yaani, onyesha yaliyomo. Kompyuta inajibu: No such file or directory, maana yake, hakuna faili wala folda yenye jina hilo. Karani anatetemeka, akidhani haki za watu zimepotea. Akiandika upya kwa kukumbuka tu, huenda mmoja akapunjwa, na ugomvi ukazuka.

Afadhali asome tena jibu lile. Halikusema kwamba hesabu imefutika. Lilisema kwamba jina lile halipo mahali pale. Basi na aandike pwd, apate kujua yumo katika folda gani. Kisha ls, aone majina yaliyomo. Hapo ataiona Mgao.txt, yenye M kubwa. Kwa Linux, M kubwa na m ndogo ni herufi mbili mbalimbali.

Ziko pia faili za mipangilio, na nyingi hukaa katika folda iitwayo /etc. Kabla ya kubadili mojawapo, mtu na afanye nakala yake kwa amri ya cp. Kisha abadili jambo moja tu, ajaribu. Akibadili matano pamoja, hatajua ni lipi lililoponya wala ni lipi lililoharibu. Na akishindwa, nakala itamrudisha alikotoka.

Karani asomaye jibu kwa utulivu hugawa mifuko kwa haki, na watu hurudi makwao kwa amani. Mwenda pole hajikwai.